Gego Lililong'olewa Migori

Nikipika pilau na karafuu zikaanza kunukia, gego la chini upande wa kushoto huniuma. Gego lenyewe sina. Liling'olewa nikiwa na miaka tisa, na hadi leo ulimi wangu hupenda kwenda kupapasa lile pengo.

Tuliishi Uriri, na jirani yetu alikuwa akichemsha sukari nguru. Upepo ukigeukia kwetu, hata nguo kwenye kamba zilinuka miwa. Vipande vilivyovunjika tulipewa sisi watoto, nami niligundua kwamba kipande kikikaa vizuri shavuni, naweza kulala nacho kikayeyuka polepole mpaka usingizi unichukue. Nilijivunia sana ugunduzi huo.

Nyanya yangu, mama yake baba, tulimwita Dani. Kila jioni baada ya ugali alitukatia vijiti vya mswaki na kutuonyesha namna ya kutafuna ncha mpaka ilainike. Lakini Dani mwenyewe hakuwa na meno sita ya mbele, yale ya chini. Na mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba asiyepiga mswaki meno yatamwisha. Nikajumlisha mambo hayo mawili, na jioni moja nikamrudishia kijiti chake.

"Dani, wewe mwenyewe meno yalikuisha. Utanifundisha nini?"

Mama aliinua mkono anichape. Dani akamzuia, akacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. "Muache tu," alisema. Tangu siku hiyo sikupiga mswaki ila Mama akiwa amenisimamia.

Maumivu yalikuja kidogo kidogo. Niliyaficha, maana kuyasema kungekuwa kukubali kosa. Dani ndiye aliyeona kwamba natafunia upande mmoja. Akanunua karafuu dukani kwa Mama Saida, akaniwekea kwenye jino siku tatu. Maumivu yakawa yanatulia na kurudi, hadi shavu likavimba. Siku ya nne tukaenda hospitalini Migori, mimi na yeye.

Daktari, kijana mpole, alinichungulia mdomoni akasema jino limeoza hadi mzizini, halina budi kutolewa. Dani akashika ukingo wa kiti changu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini siku hiyo alikitafuta chote.

"Daktari, utang'oa hivi hivi tu?"

"Hapana, nyanya. Namdunga sindano ya ganzi kwanza. Hatasikia uchungu."

"Na akilia?"

"Akilia nitasimama, nimngoje. Alie tu, hakuna shida."

Dani akaachia ukingo wa kiti, akatoka nje.

Sindano ilinichoma, lakini baada ya hapo nilihisi kuvutwa tu. Nilipotoka na pamba mdomoni nilimkuta kwenye benchi, leso usoni, mabega yanatikisika. Nikajua nimemkosea.

"Dani, haikuuma," nilimwambia kwa mdomo uliokufa ganzi.

"Ata kidogo?"

"Ata kidogo."

Akalia zaidi. Kwa aibu nikamwahidi kwamba nitapiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kama daktari alivyoagiza, na kwamba sitalala tena na sukari nguru mdomoni. Ahadi hiyo niliishika. Sijang'olewa jino jingine.

Tulipokwisha kumzika Dani, miaka mingi baadaye, shangazi ndiye aliyenieleza. Yale meno sita hayakuoza. Enzi zao watoto wa Kijaluo waling'olewa kwa mila, ndipo mtu ahesabiwe mkubwa. Dani alikuwa na umri kama wangu wa siku ile. Alikalishwa chini, kichwa kikashikwa, wakatumia chuma, bila dawa yoyote. Kulia kulikuwa aibu ya boma zima, kwa hiyo hakulia.

Pale kwenye benchi nilidhani ananililia mimi. Sasa naamini yalikuwa machozi yake mwenyewe, ambayo yalikaa miaka zaidi ya hamsini mpaka kijana mmoja wa Migori aliposema mtoto alie tu, hakuna shida.