Kidole cha Kusomea Kulasi

Mashine ya kusaga chuma ikianza kulia kwa wanaochomelea vyuma karibu na soko letu la Kasongo, kidole changu cha shahada hujikunja chenyewe. Musinicheke. Kina kisa chake, na kisa hicho kilianza na uvivu.

Nyumbani nilikuwa mutoto wa mukeka. Wenzangu walitwanga, walilima, walichota maji. Mimi nilikaa ndani na sababu zangu. Nilipofika miaka kumi, vidole vyangu vilikuwa laini kuliko vya wote, na Baba, fundi wa pikipiki, alikuwa amevipatia kazi. Pikipiki ikitakiwa kukimbia zaidi, alipanua na kulainisha matundu ya kulasi, kile kichwa cha injini ambamo hewa huingilia na moshi hutokea. Alitumia tupa nyembamba, kisha msasa alioviringisha kwenye spoku ya baiskeli. Halafu ananiita, "Zaina, njoo usome." Nafumba macho, naingiza kidole, namwambia wapi kuna kinundu na wapi ukuta umekuwa mwembamba.

Mwaka ule kaka yangu Amisi alikuwa ashindane na madereva wa Kabambare, siku ya Jumapili. Pikipiki hiyohiyo ndiyo aliyobebea abiria, na kulasi nyingine haikuwapo Kasongo nzima. Ikitoboka, Amisi angerudia kubeba bidoni za mafuta ya mawese kwa baiskeli. Tundu la moshi Baba alikuwa amelimaliza kwa siku mbili. La hewa lilikuwa bado, na ilikuwa Jumamosi.

Hapo akatokea baba mudogo Sefu kutoka Kabambare, na mashine yake ya umeme ya kusagia chuma na jenereta, vyote vimefungwa nyuma ya pikipiki.

"Yaya, unakwaruza kama panya ndani ya gunia," alimwambia Baba, kaka yake mkubwa. "Leta huku. Dakika kumi tu."

"Tupa inaniambia chuma kimebakia kiasi gani," Baba akajibu. "Hiyo yako inajua kupiga kelele."

Amisi alifungua kifuniko cha tanki, akakifunga, akakifungua tena. Baba akamtazama, akakubali kwa sharti moja: kila baada ya kitambo mashine isimame, Zaina asome.

Ilipiga yowe mpaka kuku wakahama uani. Unga wa alumini ulinijaa midomoni. Kati ya tundu lile na njia ya bolti kulikuwa na ukuta mwembamba, na mlinzi wake nilikuwa mimi. Mara ya kwanza nikasema bado. Ya pili, bado. Ya tatu, bado.

"Bibi harusi, amuka," baba mudogo akanitania. "Chuma hakikuli."

Mara ya nne niliingiza kidole nikakutana na moto.

"Basi," nikasema.

"Basi gani? Kinundu iko pale, minakiona na tochi."

"Basi."

"Yaya, weka kidole yako mwenyewe."

Baba akapangusa mkono, akaingiza kidole, akafumba macho. Kwa kweli ukuta sikuusoma kabisa. Niliungua tu. Akigundua, nimemharibia Amisi mbio kwa uoga. Nikisema ukweli, mashine itaendelea, na hakuna anayejua chuma kimebakia kiasi gani. Baba alikaa vile muda murefu. Chuma kilichonitoa machozi hakikumtikisa hata ukope.

"Mutoto amesoma vizuri," alisema. "Zima."

Akamalizia kwa msasa mpaka magharibi. Jumapili Amisi alikuwa wa tatu, nyuma ya Wakabambare wawili, na hadi leo baba mudogo anadai tulimwibia Amisi ushindi kwa kuzima mashine mapema. Jumatatu injini ikawaka kama kawaida, Amisi akapeleka abiria Nyangwe.

Nilikuwa nimeshazaa nilipomwona Baba akiinua mufuniko wa sufuria iliyokuwa ikichemka jikoni kwa mkono mutupu, akasimama nao akinisimulia habari za mvua. Petroli na tupa zilikuwa zimekula vidole vyake tangu zamani. Ndiyo sababu aliniita mimi. Siku ile hakuhisi chochote ndani ya tundu lile. Kulasi ya kaka yangu ilipona kwa neno la mutu aliyeungua, likashuhudiwa na mutu asiyehisi.

Sijamwambia. Siku hizi ananisogezea glasi ya chai na kuuliza, "Zaina, iko moto sana?" Naishika kwanza, nakaa nayo mpaka nijue kweli, ndipo namjibu.