Veshti ya Mume Wangu

Siku mume wangu alipofariki sikulia. Nilipika chai, nikaosha vikombe, nikapika nyingine. Watu wakanong'ona kwamba nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo wowote siku hiyo, nilikuwa na vikombe tu.

Alikuwa Mtamili, Mhindi mzaliwa wa hapa hapa Johannesburg. Mimi ni fundi cherehani kutoka Lubumbashi, nina meza yangu katikati ya jiji, juu ya kanisa lenye kelele. Alikuja kupunguza suruali, akarudi na nyingine ambayo wala haikuwa ndefu. Kiswahili alijifunzia pale pale mezani, akisubiri.

Veshti ni kitambaa cheupe cha wanaume wao, kirefu, chenye ukingo wa rangi. Hakikatwi wala hakishonwi. Kinazungushwa kiunoni, kinakunjwa, basi. Baba mkwe alikuwa akiipandisha yake magotini anapofanya kazi uani. Akiingia mtu wa kuheshimiwa, aliishusha mpaka miguuni kabla hajafungua mdomo. Nilipenda sana kumtazama akifanya hivyo.

Mzee alipokufa, mume wangu akairithi veshti yake, lakini kuifunga hakujua. Kwenye sikukuu ya mavuno ikamdondoka mbele ya ukoo mzima. Kesho yake akaja mezani kwangu amenuna.

"Eish, mama, unitilie lastiki. Hakuna mtu atajua."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu, nikamtilia. Nikashona na mikunjo yote, ikawa ya kuvaa kama sketi. Tangu hapo kila sikukuu alitembea kifua mbele.

Siku ya mazishi alikuwa amelala chumba cha mbele, wanaume wa ukoo wakimwosha. Kwao mwanamume huvishwa na wanaume. Niliomba nimvishe mimi, wakanikatalia kwa upole unaokera. Mdogo wake akatoka na veshti mkononi.

"Anni," akasema, ndivyo wanavyomwita mke wa kaka. "Hii imeshonwa. Kaka lazima aende na kitambaa kizima, kama kilivyofumwa."

"Si mnunue mpya?"

"Mpya haitakuwa ya baba."

Nikaipokea. Nami nilitaka aende na ya baba yake.

Nikakaa jikoni na wembe, nikaanza kufumua. Nilikuwa nimeshona mishono midogo, iliyobana, kazi ya kujivunia, na sasa ilinitoa jasho. Sikuhisi huzuni. Niliudhika tu kwamba nilishona vizuri mno. Nikanyunyiza maji, nikapiga pasi mpaka vitundu vya sindano vikafunga.

Nikagonga mlango. Mkono ukatoka, ukaipokea, mlango ukafungwa.

Nilisimama pale ukumbini, nyuzi zimenishika kwenye gauni. Mashati yake, suruali zake, hata koti la harusi, vyote nilishona mimi. Leo anaondoka bila uzi wangu hata mmoja mwilini, na mimi mwenyewe ndiye niliyeutoa. Nikakaa chini, nikalia.