Mlinzi Anayekohoa Mara Mbili

Matroni alilea wasichana wa bweni kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuiba hata kipande cha sabuni. Leo amestaafu, magoti yanamsumbua, ndiyo kwanza anaambiwa ameiba kitabu kizima.

Alikuwa ameandika hadithi ndefu ya watoto kuhusu shule ya uchawi, kwa mkono, ikajaza daftari sita. Mhariri aliipenda, hata jalada likachorwa. Kisha uvumi ukazagaa: kuna mwandishi mwanamke aliyetoa kitabu cha shule ya uchawi mwaka jana kikapata tuzo, na hiki cha bibi ni kilekile. Yatima yumo, kengele inayojipiga yenyewe imo, chumba kisichofunguliwa nacho kimo. Matroni alichoka kueleza. Shule gani ya bweni haina kengele, na ipi haina stoo inayofungwa kwa kufuli? Kama huo ni wizi, basi walimu wakuu wote wakamatwe.

Mhariri hakucheka. Alisema hayo mengine yangeweza kupita, ila yule mlinzi anayekohoa mara mbili kabla ya kuingia bwenini yumo katika vitabu vyote viwili. Amtoe, la sivyo kitabu hakichapwi.

Matroni alirudi nyumbani akibwata njia nzima. Kitabu cha mwenzake alikuwa amekataa kukigusa, kwa ukaidi tu. Sasa binti yake alimsomea jikoni, yeye akichambua mchele. Walipofika kwa mlinzi mwenye ndala za rangi mbili na funguo kiunoni, mikono ya Matroni ikasimama.

"Mama, huyu si wewe?"

Ni yeye hasa. Kila jioni alikuwa akikohoa mara mbili nje ya bweni, ili watundu wawahi vitandani na yeye asilazimike kumwadhibu mtu. Hakuwahi kumwambia yeyote, na kumbe kuna aliyejua. Sasa mtu anajiibaje mwenyewe?

Jumamosi mwandishi yule alikuwa akisaini vitabu vyake dukani. Matroni alimkokota mhariri hadi huko, akagoma kupanga foleni, akasimama mlangoni na kukohoa mara mbili.

Mwandishi, mtu mzima na miwani yake, alikatisha maneno. Akasukumia biskuti chini ya meza, akavuta mtandio hadi kidevuni, akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anatafuta mlangoni.

"Matroni," alisema taratibu. "Sote tulijua kwamba unatuonea huruma."

Kisha akamgeukia mhariri. "Huyo mlinzi ni wake. Mimi ndiye niliyemchukua bila kuomba."

Machozi yalimlenga Matroni, lakini hasira za wiki nzima zilikuwa hazijamtoka. Akamwambia afute kwanza makombo mdomoni.