Darasa Lililoshuka Ngazi

Saa moja kasoro robo asubuhi, kabla kengele haijagongwa, kiranja mkuu amepiga magoti mlangoni mwa darasa la chini. Ana nyundo mkononi na misumari miwili ameibana kwa midomo. Anakaza ubao wa mteremko uliolegea jana, ubao ambao zamani ulikuwa mlango wa stoo.

"Ukipuuza msumari mmoja, mwenzako anakula udongo," anasema akishapigilia wa mwisho. Anaupanda ubao, anaurukia. Hautikisiki.

Muda si mrefu msichana mwenye kiti cha magurudumu anaingia akijisukuma mwenyewe. Anafungua chupa, anapiga mafunda ya maji, anafuta mdomo. Kwa mpita njia hilo si jambo. Kwa kiranja mkuu, ndilo jambo lenyewe.

Kiranja huyo ana miaka kumi na saba. Shuleni wanamwita Spika, kwa sababu sauti yake haihitaji kipaza sauti. Mama yake, fundi cherehani, haoni ajabu.

"Mdomo wake haujawahi kwenda likizo," anasema mama huyo, mguu ukiendelea kukanyaga pedali. "Alipotaka uongozi nilimwambia, mwanangu, ukubwa ni jalala, kila mtu atakutupia taka zake. Akanijibu, 'Basi mama, nitatembea na ufagio.'"

Shule yao ina ghorofa moja. Chumba cha juu, chenye baraza na upepo, wanafunzi wamekibatiza Ikulu, na kwa desturi ni cha darasa la mwisho. Mwanafunzi hukaa chini miaka mitatu akila vumbi la uwanja na kuimezea mate baraza ile. Zamu yake ikifika, hupanda ngazi kama bwana harusi.

Mwaka huu miongoni mwa waliotakiwa kupanda alikuwamo yule msichana wa kiti, ambaye miguu haijawahi kumbeba tangu utotoni. Kwa ukali wake wa hesabu, wenzake humwita Profesa. Spika, aliyeahidi kwenye kampeni kwamba hakuna mtoto atakayeachwa nyuma, alipanga zamu ya wabebaji: wanne wenye misuli asubuhi, wanne jioni. Walimu walisifu. Mkuu wa shule aliwapigia makofi mbele ya shule nzima.

"Kichwa kilinivimba," Spika anakumbuka. "Nikajiona mwokozi."

Siku moja Profesa alizimia katikati ya kipindi. Muuguzi wa zahanati aliuliza amekunywa nini tangu asubuhi. Hakuwa amekunywa kitu. Choo kiko chini, na kila haja ilimaanisha kuwaita watu wanne huku darasa zima likisubiri. Kwa hiyo kila siku ya shule alishinda na kiu mpaka arudi nyumbani.

"Nilimwambia, kwa nini hukunieleza?" anasimulia Spika. "Akasema, 'Dada, uliwauliza wabebaji kama wako tayari. Mimi uliniuliza lini?'"

Wakati huo Profesa alikuwa ameshakata shauri. Muhula ukiisha, anaacha shule. Spika akaona dawa ni moja: darasa la mwisho lishuke, wadogo wa mwaka wa kwanza wapande. Mkuu wa shule hakukataa, ila alitoa sharti kwamba wenye Ikulu yao waridhie wenyewe.

Hapo ndipo Spika alipokiona cha moto, kwenye kikao cha darasa.

"Miaka mitatu nimesubiri baraza, leo niwapishe vitoto vinavyonuka maziwa?" alifoka kijana mmoja mrefu, aitwaye na wenzake Mnara, kinara wa wabebaji.

"Mnara, wewe hata ukiwa chini uko juu!" mtu alidakia, kicheko kikapasuka.

"Sina utani! Kwani tumewahi kumdondosha? Tunambeba kama yai!"

Profesa akageuza kiti chake.

"Ni kweli kaka, mnanibeba kama yai," alisema. "Lakini yai haliendi chooni."

Walicheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, kama redio iliyoishiwa betri.

Mnara alikuna kichwa. "Sasa dada, si ungesema?"

"Nimesema."

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono, na mkono wa Mnara, mrefu kuliko yote, ulitangulia. Wanane walikataa, na mmoja wao mpaka leo hamsalimii Spika. Jioni ile madawati yalishuka. Wadogo walipopanda, walijipanga barazani wakawapungia wakubwa zao mikono kama mawaziri.

Profesa hakuacha shule. Sasa Mnara anakaa karibu naye, na alama zake za hesabu zimepanda kutoka kumi na tisa hadi thelathini na nane. "Kufaulu bado," anasema, "lakini angalau nimeacha kuuaibisha ukoo."

Hata hivyo, Spika halali usingizi mnono. Ijumaa hii shule inachagua viongozi wapya, na mgombea anayeshangiliwa kuliko wote ameahidi kulirudishia darasa la mwisho Ikulu yake. Mwakani darasa hilo litakuwa na mvulana anayetembea kwa magongo.

"Nani kasema tutamwacha?" mgombea huyo alinguruma juzi kwenye mkutano wa kampeni. "Tutambeba!" Makofi yakarindima.

Spika anataka, kabla hajamaliza shule, iwe kanuni kwamba chumba kinamfuata mtoto, si mtoto kukifuata chumba. Lakini anajua kwamba kanuni bila watu wa kuilinda ni maandishi tu ukutani. Kwa hiyo anahudhuria kila mkutano wa kampeni, anasubiri makofi yaishe, ndipo ananyoosha mkono.

Juzi alifanya hivyo hivyo.

"Nina swali moja, mdogo wangu," alisema. "Umemuuliza?"

Mgombea aliwatazama wapambe wake, wapambe wakatazama viatu vyao.

"Yuko pale, mstari wa pili," Spika alisema, akavuta kiti akakaa. "Nenda kamuulize. Sisi tunakusubiri."