Bakuli la Hamisi

Mwanangu, tangu uliponiambia majibu yako ya kupima juzi, kuna siku moja imenirudia na haitaki kuondoka. Nilikuwa bado kijana, nimeolewa hapahapa Kilole. Mdogo wangu Hamisi alikuwa akiuza mitumba kwenye minada ya Handeni, miaka ile nguo hizo zilipoanza kuingia kwa wingi. Mkewe, Zaina, alibaki Magoma akilima.

Mchana mmoja Hamisi alikuja kwangu ametoka hospitali, akaniambia ana virusi vya UKIMWI. Alisema ananiambia mimi kwanza, kisha jioni aende Magoma amweleze Zaina, naye akapime. Nililia, nikamsifu kwa ujasiri wake, nikaenda kusonga ugali.

Sasa sikia ujinga wangu. Tangu utotoni mimi na Hamisi tulikula sahani moja, tukigombea mboga. Siku hiyo nilimpakulia peke yake, kwenye bakuli kuukuu la bati. Na nilijiona mwenye huruma kweli, maana nyama nilimjazia. Alilitazama lile bakuli, akanawa, akala akamaliza. Ndipo akasema taratibu:

"Dada, kama wewe umenitengea bakuli, Zaina atanitengea nini?"

Magoma alikwenda, lakini hakusema kitu. Alinyamaza karibu miaka miwili, na mimi nikanyamaza naye. Dawa hatukuwa nazo wakati huo. Tulipomzika, Zaina alikwenda kupima, akakutwa navyo. Alinifuata jikoni kwangu, akasimama mlangoni.

"Wifi, ulijua?"

Nilimwambia ndiyo. Aibu ya siku ile ninayo mpaka leo, mwanangu, sikufichi.

Basi umeniuliza umwambie nani. Mtaa mzima hauna haja ya kujua. Watu wengine wanataka tu cha kuongea kisimani. Lakini mchumba wako ajue, na ajue kutoka kwako, kabla hamjaoana. Dawa unameza, afya unayo, una la kumweleza. Ukiogopa kwenda peke yako, nitajifunga khanga twende wote. Na siku mtu atakapokuja kukwambia wewe, usimbadilishie chombo.

Mwenyezi Mungu akutie nguvu ya kusema, akupe wa kukusikiliza, akuzeeshe kuliko mimi. Haya, nawa mikono, ugali unapoa. Sahani ni hii moja.