Barabara Iliyopinda kwenye Kioo

Katikati ya miaka ya tisini, ofisi yetu mjini ilipobadilisha mashine, nilipewa kompyuta moja kuukuu nikaipeleka nyumbani Uthiru. Nia yangu ilikuwa kujifunzia kazi, lakini aliyeizoea zaidi ni baba. Alikuwa amestaafu udereva wa malori na hakujua la kufanya na asubuhi zake. Ndani ya kompyuta mlikuwa na mchezo wa mashindano ya magari, na kila akimaliza chai aliketi mbele ya kioo, miwani puani, akiwakaripia madereva ambao hawakuwapo.

Taabu ilianza na rangi. Jioni moja aliniambia magari mekundu yamegeuka meusi na mistari ya njano imekuwa kijani. Nilitazama, nikaona ni kweli. Nilidhani mchezo wenyewe umeharibika, nikaufuta na kuuingiza upya kwa disketi. Hakukuwa na nafuu. Nikapunguza idadi ya rangi, maana mashine ilikuwa ya zamani, lakini picha ikazidi kuwa mbaya.

Ofisini nilimwuliza mhasibu wetu, Singasinga mmoja mpole aliyependa kompyuta kuliko hesabu. Alisema nianze na waya wa kioo kabla ya kufungua chochote. Nilipouchomoa, nikakuta kijipini kimoja cha ncha yake kimelala. Nilikiinua polepole kwa kibanio changu cha nyusi, nikarudisha waya, na magari yakawa mekundu tena.

Baba alishukuru, akacheza kidogo, kisha akasema bado kuna kasoro. Barabara ilikuwa imepinda.

Nilimwambia ni kona.

"Kona naijua, mama," akasema. Aliniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Hii imepinda hapa katikati, kama bati lililogongwa."

Mimi sikuona kitu. Hata hivyo nilimwamini, kwa sababu kuhusu rangi alikuwa amesema kweli. Mhasibu aliniazima kadi nyingine ya picha, nikafungua mashine na kuibadilisha. Mchezo ukaenda kwa kasi nzuri zaidi, lakini barabara ya baba haikunyooka. Nikasogeza redio mbali na kioo, nikidhani sumaku yake ndiyo inayovuta picha. Wapi.

Jumamosi nikachukua rula, nikaisimamisha kwenye kioo kando ya mlingoti wa mahali pa kuanzia. Mlingoti ulinyooka sawasawa na rula. Nikamwuliza baba anaona nini.

Alitazama kwa muda. "Hata rula imepinda," akasema.

Nilimwomba afunike jicho la kushoto, kisha la kulia. Kwa jicho la kushoto kila kitu kilinyooka. Kwa la kulia mlingoti ulipinda, rula ikapinda, na alipogeuka, fremu ya mlango nayo ikapinda. Akakiri kwamba vyuma vya dirisha la chumbani alikuwa akiviona hivyo tangu mvua zilipoanza, ila alimlaumu fundi. Nilizima kompyuta.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, tukaenda kwa daktari wa macho mjini. Alituambia ugonjwa wa sukari, ambao baba aliuchukulia kama jambo la kuacha soda tu, ulikuwa umeharibu mishipa nyuma ya macho yote mawili. La kulia lilikuwa limeumia sana. La kushoto lilikuwa limeanza tu, na kama tungechelewa lingefuata mwenzake. Akatibiwa kwa mwale wa leza, mara kadhaa, na mama yangu akabadilisha chakula cha nyumba nzima bila kumwuliza mtu.

Jicho la kulia halikurudi. La kushoto lilibaki naye mpaka uzeeni, akisoma gazeti na kututambua sote tukiwa bado langoni. Mchezo hakuuacha. Alijifunza kuketi upande, uso ameugeuza kidogo, na mgeni akimwuliza mbona anatazama kompyuta hivyo, alijibu kwamba dereva yeyote wa lori anajua kuendesha kwa kioo cha pembeni.