Fromaji ya Riziki

Sisi tuliosoma Nyamitaba miaka ile serikali ilipoacha kulipa walimu tunakumbuka dawa yake ya njaa: kuchapa noti mpya zenye sufuri nyingi, na kuwaamuru wazazi wetu wamlishe mwalimu. Basi kila Jumatatu tulipanda kilima na mizigo kichwani. Mimi nilibeba viazi. Riziki, jirani yangu, alibeba fromaji, jibini ya duara ya maziwa ya ng'ombe wa baba yake, imefungwa kwa jani la mgomba, na harufu yake iliingia darasani kabla yake.

Mwalimu alimketisha benchi la mbele na kumpa kazi ya kugonga kengele. Viazi vyangu viliniweka mlangoni, nilikonyeshewa mvua mgongoni. Nilimwonea wivu, nisifiche. Niliyaonea wivu maziwa yaliyomkaukia juu ya mdomo, hata ng'ombe wao, maana kila mmoja alikuwa na jina lake. Mama alinionya: "We mutoto, angalia kile iko mu chungu yako." Niliangalia. Vilikuwa viazi.

Halafu redio ikatangaza kwamba nchi imeingia vitani. Haikupita wiki, amri nyingine: kila mwenye mifugo atoe mchango wa vita. Wafugaji wakaficha ng'ombe. Kapita, mjumbe wa chifu, akatukuta njiani tukitoka shule, Riziki akiwa amebaki nyuma na kengele yake.

"Batoto, ngombe za huku ziko wapi?"

Wenzangu wakaendelea kutembea. Kwetu mtoto hufundishwa mapema kwamba ng'ombe wa mtu hawahesabiwi mbele ya mgeni. Nami nilifundishwa hivyo hivyo.

"Za kwabo Riziki ziko mu bonde, nyuma ya migomba," nikasema. "Ziko saba."

Waliswagwa wote saba. Jumatatu iliyofuata Riziki hakuja shule, wala hakurudi tena. Benchi la mbele nikalipata mimi, na viazi vyangu.

Watoto wa siku hizi wanachekesha. Binti yangu alilia juzi kwa sababu simu ya mwenzake inapiga picha nzuri kuliko yake. Huo nao ni wivu? Fromaji hawajawahi kuinusa wakiwa na njaa! Vita navyo vimeenda na kurudi, na michango bado inatafutwa milimani.

Riziki siku hizi anauza fromaji sokoni Sake, ya ng'ombe wa watu. Nilipopita na binti yangu akamkatia kipande kinene, akakataa malipo. "Kula, mutoto ya dada yangu. Mama yako tulisoma naye."

Hajajua hadi leo nani alisema. Tukianza kukumbushana Nyamitaba, anacheka mpaka anafuta machozi kwa kitenge. Ile mvua, ile kengele, vile viazi vyangu, vyote anavitaja kwa furaha. Mimi nacheka naye huku naomba asifike kwenye bonde lile. Zamani nilimwonea wivu kwa fromaji. Leo namwonea wivu kwa sababu yeye anaweza kuukumbuka utoto wetu wote.